Mfalme Aliuliza, "Utasimama?"

Kwetu hatuna neno la ndiyo. Msinicheke, nasema kweli tupu. Waingereza wa ng'ambo ya milima wana kineno chao kimoja, ukiwauliza lolote wanakutupia hicho hicho na kwenda zao. Sisi watu wa Wales lazima turudishe kitenzi. Ukiulizwa "umekula?" unajibu "nimekula" au "sijala". Ukiulizwa "utaniletea kuni?" unajibu "nitaleta", na ukishasema hivyo umejifunga kwa mdomo wako mwenyewe, kuni zitaletwa hata mvua inyeshe mawe. Mtoto akitikisa kichwa tu, bibi yangu Tegwen alikuwa akimfinya sikio. "Mbuzi ndio watikisao vichwa," alikuwa akisema. "Wewe una ulimi. Jibu!"

Nawaambia haya mwanzoni kwa sababu bila hayo hamtaelewa hata kidogo yaliyonipata kwenye mlima wa Garn Ddu, msimu ule wanakondoo wa jirani yetu walipouawa.

Nyumbani tulikuwa watatu na mbwa. Mimi Mabli, msichana mdogo, meno ya mbele yameota nusu. Bibi Tegwen, mama yake baba, ambaye maneno hayakumwishia. Na baba yangu Ifor, ambaye maneno yalikuwa yamemwishia siku nyingi, sijui aliyatumia wapi. Mbwa alikuwa Pero, mweusi mwenye kifua cheupe, sikio moja limesimama na la pili limelala. Alizaliwa ndani ya kapu la nguo zangu, na tangu siku hiyo hakuna aliyebisha kwamba ni wangu.

Asubuhi moja tukasikia breki za gari uani na sauti ya Bwana Gethin, jirani yetu wa bonde la chini.

"Ifor! Toka nje! Toka uone kazi ya mbwa wako!"

Tukatoka. Gethin alikuwa amesimama kwenye matope, uso mwekundu, amepakata mwanakondoo aliyekufa. Shingo ya yule mwanakondoo sitaki hata kuieleza. Nyuma ya kioo cha gari alikaa mbwa wake, Taran, yule mkubwa wa kijivu aliyeshinda vikombe vya kuchunga kondoo wilaya nzima. Gethin hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na Taran, na vikombe vya Taran vilipangwa dirishani kwake pale ambapo watu wengine huweka picha za harusi.

"Wako wengine kule shambani wamelala hivi hivi," Gethin alisema. "Na mbwa wako alionekana alfajiri akiruka ukuta wangu. Yuko wapi?"

Pero akatoka chini ya mkokoteni, taratibu, kichwa chini. Kifua chake chote, kile cheupe, kilikuwa damu iliyoganda. Moyo ukanipasuka paa!

Kwetu mbwa aliyeonja damu ya mwanakondoo hasamehewi. Hafungwi mnyororo, hachapwi, haombewi na mchungaji kanisani. Anapigwa risasi siku hiyo hiyo, na mwenye mbwa hana ruhusa ya kununa. Hata watoto tuliijua desturi hiyo kama tulivyojua majina yetu.

"Sina chuki na mbwa, Ifor," Gethin alisema, sauti imeshuka. "Unajua hivyo."

"Najua."

"Utammaliza mwenyewe, au nije jioni nikishalisha?"

Baba alimtazama Pero, akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. "Njoo," akasema.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba, hajaua! Pero haui!"

"Ulimwona?" baba aliniuliza.

Basi hapo ndipo ulimi unapokwama, jamani. Ningejibu nini? "Sikumwona," nikasema, na machozi yakanitoka.

Baba akamfunga Pero bandani, akakataza mtu yeyote kumgusa. Bibi alisimama jikoni akikatakata vitunguu vya mchuzi kwa hasira hadi kisu kikawa kinaimba, lakini naye hakusema kitu, na Bibi akinyamaza ujue mambo yamekwisha.

Mimi nikangoja baba aende kwa kondoo wake. Nikaingia bandani, nikakata kamba, nikatia kipande cha mkate wa zabibu mfukoni, tukaondoka na Pero kwa mlango wa nyuma. Nikiulizwa mpango wangu ulikuwa nini, sikuwa na mpango. Mtu mwenye mpango hapandi Garn Ddu majira ya kuchipua akiwa na kipande cha mkate.

Tulipanda. Pero alikwenda polepole, jambo lisilo kawaida yake, na kila nikisimama naye alikaa chini. Kisha ukungu ukashuka, ule mzito wa kwetu, ukinyoosha mkono huoni vidole. Nikashika manyoya ya shingo yake, nikamwacha aniongoze. Nikasikia maji yanaporomoka mbele yetu. Nikasikia harufu ya mawe baridi. Mara manyoya yakaniponyoka mkononi, na Pero hayupo.

"Pero? Pero we!"

Kimya, maji tu. Nikapapasa mwamba, nikakuta ufa nyuma ya maji, mwembamba wa kupita mbwa au mtoto mwembamba. Nikajipenyeza. Nililowa chapachapa, nikachubuka viwiko, nikatokea upande wa pili nikiwa nalaani kila kitu.

Halafu nikanyamaza.

Mungu wangu. Hata leo nikieleza, mwili unanisisimka, tazameni mkono wangu. Palikuwa na ukumbi ndani ya mlima, mkubwa hata kanisa letu lingeingia humo na mnara wake na watu wasigusane mabega. Palikuwa na mwanga, wala sikuona taa. Ulikuwa mwanga wa rangi ya siagi, umetulia, unatoka kila mahali. Na chini, juu ya mawe, walilala watu. Wanaume wenye mavazi ya chuma, ngao zimewekwa kando, mikono juu ya vifua. Walilala kwa duara, miguu yote imeelekea katikati, hakuna aliyekuwa mbele wala nyuma ya mwenzake. Nyuma yao farasi walisimama wamelala, weupe na weusi na wekundu, mate hayawatoki, mikia haiyumbi.

Walikuwa wanapumua. Hilo ndilo lililonikalisha chini. Wote walipumua kwa pamoja, watu na farasi, pumzi moja ikiingia polepole na kutoka polepole, nami nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na jiwe lenyewe lilikuwa linapanda na kushuka. Nikaelewa kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimelala, nimecheza na nimekula juu ya mlima unaopumua, na sikujua.

Bibi alikuwa amenisimulia habari za mfalme wa zamani, yule wa upanga na meza ya duara. Jina lake mnalijua. Kwetu halitajwi karibu na mlima, kwa hiyo nami silitaji. Bibi alisema mfalme hakufa, amelala na watu wake hadi siku nchi itakapomhitaji kuliko siku zote. Alisema mtu akimkuta ataulizwa kama siku imefika. "Na ujibu ukweli," Bibi alisema, "maana akiamka ameamka. Hawezi kulala tena akangoja siku nyingine."

Nilidhani ni hadithi tu. Mtoto hukubali kila kitu kwa nje, lakini ndani ana akili zake. Sasa nilikuwa namtazama.

Nilimjua mara moja, na si kwa taji, maana hakuvaa. Wala hakuwa mkubwa kuliko wenzake. Yeye peke yake ndiye aliyelala ameketi, mgongo umeegemea mwamba, upanga juu ya magoti, vile wachungaji wetu wanavyolala msimu wa kondoo kuzaa, wakiogopa kulala kabisa. Uso wake ulikuwa umechoka. Sikutegemea hilo. Nilimwogopa na nikamwonea huruma kwa wakati mmoja, nikataka kumfunika kwa koti langu, na koti lenyewe linachuruzika maji.

Miguuni pake walilala mbwa wake, wakubwa wa kutisha, na katikati yao, jamani, yuko Pero. Alikuwa amejikunja, pua juu ya miguu. Nikaona ubavu wake unapanda unaposhuka ubavu wao. Kisha ukasita. Kisha ukaanza kwenda pamoja nao.

Alikuwa analala usingizi wao. Nikaelewa bila kuambiwa. Nikimwacha pale, Gethin hatampata kamwe, wala risasi, wala uzee. Atakuwa salama mpaka mwisho wa dunia. Lakini hatanikimbilia tena nikitoka shule. Hataninyang'anya mkate. Hata jua hataliona.

"Pero!" nikaita. Sikukusudia kupiga kelele, lakini ukumbi uliichukua sauti yangu na kuizungusha na kuizungusha.

Mfalme akafumbua macho.

Sikukimbia. Si ushujaa, miguu ilikataa. Alinitazama, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeamshwa, na maneno yake yalikuwa ya kikale kuliko ya Biblia ya Bibi, lakini niliyaelewa yote.

"Siku imefika?" akaniuliza.

Loo! Nawaambia, neno "imefika" lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu. Niliwaona tayari wakishuka Garn Ddu, farasi na ngao na mbwa, wakiingia uani kwetu, na Gethin na kibunduki chake hajui ajifiche wapi. Neno moja tu! Nikavuta pumzi nilitamke. Macho yangu yakamwangukia aliyelala karibu yangu. Kijana tu, ndevu zake ni vimanyoya vya kifaranga, na mkono wake umeshika mpini wa upanga hata usingizini. Alikuwa anangoja kwa nguvu zake zote. Alingoja siku kubwa kuliko zote, na mimi nilitaka kumwamsha kwa ajili ya mbwa wangu. Na siku yenyewe ikija, siku ya watu wote, nani atainuka?

"Haijafika," nikasema, na nikalia kwa sauti, sikujali mfalme wala nani. "Haijafika, Bwana Mfalme. Lakini jioni wanakuja kumuua mbwa wangu!"

Alimtazama Pero pale miguuni, akatazama damu ile kifuani. Kisha akanitazama mimi, na nilihisi mlima mzima umegeuza uso kunitazama. Nikangoja aniambie atakavyonisaidia. Wafalme husaidia, au sivyo?

"Utasimama?" akauliza.

Basi. Hilo tu. Na mimi, mjukuu wa Tegwen, niliyefinywa sikio tangu nijue kusema, nikarudisha kitenzi kabla akili haijafika.

"Nitasimama."

Watu wote wale wakavuta pumzi ndefu kwa pamoja. Farasi wakatingisha masikio. Mfalme akafumba macho, na nadhani alitabasamu, ingawa sitaapa. Pero akainuka akinyoosha mgongo, akaja, akanilamba magoti, ulimi wake ukiwa baridi mno.

Tulipotoka ukungu ulikuwa umeondoka. Ule ufa nimeutafuta tena nikiwa msichana, nikiwa mama na nikiwa mzee wa fimbo, sijauona.

Nilishuka mlima, Pero nyuma yangu. Nilikuwa nimeanza kuelewa nilichosema. Angeuliza "nikusaidie?" ningesema "nisaidie", kazi ingekuwa yake. Lakini aliuliza nitasimama, na jibu nililolitoa lilikuwa na mimi ndani yake.

Uani gari la Gethin lilikuwepo, Taran yuko ndani, na Gethin ana bunduki mkononi. Baba alikuwa naye.

"Huyo hapo!" Gethin alisema. "We mtoto umetuzungusha bonde zima! Baba yako amekutafuta hadi mtoni!"

Nikampeleka Pero ukutani, nikamgeukia Gethin, nikasimama mbele ya mbwa wangu.

"Toka hapo, Mabli."

"Sitoki."

"Ifor, mwondoe mwanao."

"Mabli, njoo huku," baba alisema.

"Siji, Baba."

Sikuwahi kumwambia baba hivyo.

"Mtoto mzuri," Gethin alisema akijizuia, "mbwa wako ameua. Si hiyo damu?"

"Ulimwona akiua?" nikamwuliza.

Ebo! Aliwaka. Lakini naye ni mtu wa kwetu, alilelewa na bibi kama wangu, na swali lilikuwa limesimama pale linangoja kitenzi chake.

"Sikumwona," akasema hatimaye. "Nilimwona akiruka ukuta."

"Basi aoshwe kwanza. Hiyo damu ioshwe."

"Aoshwe? Mbwa wa kufa aoshwe?"

"Maji ya moto yapo," Bibi alisema kutoka mlangoni. Alikuwa tayari na beseni, mikono ya gauni imekunjwa. "Na wewe Gethin usinikodolee macho, nimekubadilisha nepi wewe. Sogea."

Gethin akasogea. Bibi akapiga magoti matopeni, akaosha kifua cha Pero. Maji yakawa mekundu, kisha ya waridi, kisha manyoya yakafunguka, na hapo chini ya shingo kulikuwa na jeraha. Shimo refu, nyama imechanika. Pero akalia kidogo Bibi alipoligusa. Damu ilikuwa yake mwenyewe.

Baba akainama, akapima jeraha kwa vidole. "Meno ya mbwa," akasema. "Mkubwa."

Hakuna aliyesema jina. Tuligeuka tu, mmoja mmoja, tukatazama gari. Taran alikuwa ametuangalia muda wote ule, ametulia, mbwa wa vikombe.

Gethin alikwenda mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Aliweka bunduki chini, akamteremsha Taran, akamwinua mdomo, akatazama meno ya nyuma, na sufu ilikuwa bado imekwama humo. Sikio lake lilikuwa limechanika. "Nilidhani ni waya wa uzio," Gethin alisema, kwa sauti ya mtoto. Kisha uso wake ukafa. Pero alikuwa ameruka ule ukuta kuwatetea wanakondoo wa mtu mwingine, na sote tulikuwa tumelielewa hilo sasa.

Bibi alimkumbatia Pero. Amepona! Mbwa wangu amepona! Nilitaka kuruka, kucheka, kuingia ndani na kumpa mchuzi wote wa chungu kizima.

Gethin akaokota bunduki. Akamwongoza Taran hadi ukutani, akamwambia "kaa", na Taran akakaa, maana alikuwa mbwa mwenye adabu kuliko wote wilayani. "Desturi ni desturi," Gethin alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Kama ingempata wako, na impate wangu pia."

Baba akavua kofia. Huo ndio mwisho wa mambo, ndivyo kila mtu alivyojua, na ni haki.

Lakini mfalme aliniuliza, utasimama? Hakuniuliza kwa ajili ya nani. Na mimi sikumwuliza. Nilijibu neno zima, lote, bila kulikata.

Nikaenda. Miguu yangu haikutaka, nawaambieni, huyu alikuwa amemrarua Pero wangu! Nikasimama mbele ya Taran. Nilihisi pumzi zake za moto nyuma ya magoti yangu.

"Toka, Mabli," Gethin alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Sitoki."

"Ameua wanakondoo wangu mwenyewe!"

"Ameua."

"Amemng'ata mbwa wako!"

"Amemng'ata."

"Sasa unataka nini kwangu, mtoto we? Unataka nini?"

"Sijui," nikasema. "Nilisema nitasimama."

Baba akaja, hatua zake nzito, nikadhani anakuja kuniinua kama gunia. Akasimama kando yangu, bega lake juu ya kichwa changu, kofia bado mkononi.

"Dada yangu kule pwani," baba alisema, "ana ng'ombe tu. Hana kondoo hata mmoja. Anatafuta mbwa wa kuchunga ng'ombe tangu mwaka jana."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima.

Gethin alitutazama, mimi, baba, na yule mbwa wake aliyekaa kama alivyoambiwa. Akaifungua bunduki katikati, akatoa risasi. Akaja akapiga magoti mbele yangu kwenye matope, akanishika mkono, akaniwekea zile risasi kiganjani na kunifunga vidole juu yake. Kisha akanipita, akamkumbatia Taran shingoni, na akalia hapo hapo mbele yetu sote.